Gemu ya Lori Haiwezi Kulala kwa Nyumba ya Mke Wangu

Mshauri Ruguru,

Mimi nina miaka sabini na tisa, nimezika machifu wanne, lori tatu na madaktari wawili walioniambia niache nyama, kwa hivyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kushindwa na kompyuta. Naomba msaada, lakini kidogo tu. Msichana wangu Kaari, mwalimu anakaa mtaa wa Dallas kule Embu, alituletea kompyuta ya Linux akaiandikisha kwa jina la mama yake, mke wangu Ciakuthii, ati mimi nasahau paswadi, na mimi sisahau, ni paswadi zinabadilika, halafu nikapata gemu ya kuendesha lori, maana niliendesha lori miaka thelathini na moja na mikono bado inawasha. Kaari akaniambia kwa simu, "Baba, weka faili za gemu kwa home, huko kuna nafasi." Nikafungua hiyo home nikakuta folda moja tu, imeandikwa ciakuthii. Sasa niambie, mzee wa Tigania aliyepita kila rika aweke lori yake kwa nyumba ya mwanamke kama gunia ya maharagwe? Nikamwambia, "Vitu zangu hulala kwangu." Akasema, "Baba, usiguse sehemu ya mfumo, huko ni kudogo." Nikagusa. Nilitumia paswadi ya mkubwa, ile inafungua mfumo wote, nikaweka gemu juu kabisa, pale wanaita mzizi, mahali pa mwenye boma, ikaingia mpaka ikasema imejaa, na tangu hapo kompyuta inauliza paswadi, inapewa, inakuwa nyeusi, inauliza tena, kama askari wa barabara.

Shida ni kwamba ndani kuna sauti ya marehemu mama yake Ciakuthii akiimba nyimbo za kupura wimbi, ile nafaka ya uji, na haiko mahali pengine. Ciakuthii alisema maneno tatu, "Umemzika mara mbili," akachukua kikapu akaenda kwa Kaari, hii ni wiki ya tatu na ugali yangu inashika sufuria kuliko vile nilishika usukani. Fundi wa hapa Muthara anataka kufuta kila kitu apange upya. Nimruhusu? Na usiniambie niombe msamaha, nimeuliza juu ya kompyuta. Kama unadhani naongeza chumvi, uliza Gedi wa malori pale Maua, nilimwendeshea miaka hiyo yote na sikupindua hata siku moja.

Kithinji, Muthara

Mzee Kithinji,

Pole kwa ugali. Hayo mengine ulijitafutia.

Fundi asiguse kitu. Gemu yako imejaza sehemu ya mfumo, ndiyo maana kompyuta haina hata pa kuweka mguu. Lakini ulivyoeleza, home ina sehemu yake mbali na mfumo, humo ndimo sauti hukaa, na wewe kwa kiburi hukuigusa. Hongera, ubishi wako umeokoa kitu kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wako bado anaimba. Fundi akifuta, hapo ndipo utakuwa umemzika.

Na home si nyumba ya mkeo. Home ndiyo boma. Kaari alijenga nyumba moja humo kwa sababu mwenye kutumia alikuwa mmoja. Huo mzizi unaouona kiti chako ni nguzo na paa, nawe umepandisha lori juu ya paa halafu unashangaa nyumba imelala.

Beba kompyuta uipeleke Dallas. Kaari aiwashe kwa flashi yenye Linux, anakili kwanza sauti za nyanya yake kwenye flashi nyingine, kisha aitoe gemu kwenye mfumo. Baadaye akufungulie jina lako, upate folda yako ndani ya home, yenye mlango wako, uegeshe lori humo. Paswadi ya mkubwa abaki nayo yeye. Wewe kaa kimya mpaka sauti ya yule mama isikike, halafu umwambie mkeo pole. Uliuliza juu ya kompyuta; hii ni sehemu ya kompyuta.

Gedi nilimpigia. Amekubali hukupindua. Ameongeza, bila kuulizwa, kwamba mwaka mmoja ulikutana na lori nyingine kwenye daraja jembamba ukakataa kurudi nyuma, mpaka ndizi za Mitunguu zikaivia mgongoni mwa gari.

Safari hii tia rivasi, mzee. Na ukisharudi, shahidi tutakayempigia ni Ciakuthii.

Ruguru