Ukurasa wa Kikundi Chenu

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri, goti limepunguza ukali, na shemeji bado ananung'unikia chumvi kama kawaida yake. Watoto hawajambo? Mimi afya ipo, ila usingizi umenipa kisogo. Najua utashangaa kuletewa karatasi na mtu ambaye angeweza kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Ule ujumbe wako wa sauti kuhusu mzee mliyemwita Fundi Saa nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Ulisema mganga mkuu mpya wa hospitali alipotaka kujua ninyi ni nani, alitafuta jina la kikundi mtandaoni, akakuta kwamba kamusi elezo imeufuta ukurasa wenu kwa kukosa umuhimu. Akasema watu wasiojulikana hawatazurura wodini kwake. Ukasimama getini na beseni lako na mkasi wa kucha, mlinzi akiona haya kukutazama usoni. Fundi Saa akafa ameelekea ukutani, na muuguzi akakwambia alikuwa akiuliza kama yule mama wa kucha amefika. Miaka yote mmekaa na wagonjwa wasio na ndugu, mkiwaosha uso na kuwashika mkono, ili mtu asife peke yake. Sasa amekufa mmoja, na wodi imejaa wengine kama yeye.

Naomba nikueleze ukurasa ulivyofutwa, maana unadhani kuna njama. Hakuna. Kamusi ile inaandikwa na watu wa kujitolea wakiwa majumbani mwao, wengi hawajawahi kuonana. Mimi ni mmoja wao, unajua, na umenitania vya kutosha kwa kufanya kazi ya bure, ukidhani naandika habari za mito na madaraja tu. Ukurasa wenu uliandikwa na yule muuguzi kwa mapenzi yake, akamwaga sifa hadi zikafurika. Mhariri mmoja akaubandika alama ya kufutwa, mjadala ukaanza.

Kanuni yetu ni ngumu: shirika liwe limeelezwa kwa kina na watu wasiohusika nalo, katika gazeti au kitabu. Ninyi hamkuwa na hata kimoja. Mwalimu mmoja mstaafu aliwatetea sana, akisema kazi kama yenu haipigiwi tarumbeta. Mwingine akamjibu kwamba wema si ushahidi, na kamusi si mahali pa kutoa shukrani. Mimi nilijua kwa nini hakuna gazeti lililoandika. Nilikuwa kwako siku ulipomtimua mwandishi aliyekuja na kamera, ukamwambia mtu anayekufa hapigwi picha ili wengine wasifiwe. Siku ile niliona fahari kuwa ndugu yako.

Mjadala ukiisha, mhariri mwenye mamlaka huusoma wote na kuamua. Aliyeamua wa kwenu anajiita Fagio. Ndiye uliyeniomba nimtafute, ukauliza, "Hivi huyo Fagio ana mama kweli?"

Anaye, Dada. Mama yake ndiye aliyetuzaa sisi wawili. Fagio ni mimi.

Kanuni inamtaka ndugu akae pembeni. Ningetamka tu kwamba wahusika ni watu wangu, mwingine angeamua. Sikutamka. Wenzangu hunisifu kwamba sina upendeleo, na sifa hiyo ilinilevya. Nilitaka kujithibitishia kwamba hata damu yangu hainiyumbishi. Nikafuta, nikanywa chai, nikajiona mtu wa haki. Uamuzi wenyewe, nikiupima kwa kanuni, bado naona ulikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonitafuna, maana siwezi hata kujitetea kwamba nilisoma vibaya. Sikuwaza kwamba neno "umuhimu" lingesomwa na mtu mwenye ufunguo wa wodi mkononi. Naona aibu, Dada. Nimelia kama mtoto.

Wenzangu nimeshawaambia ukweli, na mamlaka nimeyarudisha. Mganga mkuu nimemwandikia kwamba kukosekana kwenye kamusi yetu hakumaanishi watu ni wabaya. Hajanijibu.

Limebaki moja, na ningependa ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa jirani. Yule mwandishi uliyemtimua amepata habari za Fundi Saa. Juzi gazeti lake lilitoa ukurasa mzima, bila picha: kikundi chenu, mlango mliofungiwa, mzee na ukuta wake. Gazeti la pili limelifuata. Wahariri wenzangu wa kamusi wamefungua mjadala upya, na wote wanakubaliana kwamba sasa mnastahili kuandikwa. Kwa kanuni zetu, kifo cha mzee yule ndicho ushahidi mliokuwa mmekosa. Swali lililobaki kwao ni habari zake ziwekwe mwanzoni mwa ukurasa au mwishoni.

Msalimie shemeji, nawe uwabusu wapwa zangu kwa niaba yangu, kama bado unaniruhusu. Usiponijibu nitaelewa. Mlango wa wodi ukifunguliwa, nenda kwanza kwa wagonjwa. Mimi nina ndugu, naweza kungoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba