Kabati Lisilo na Kazi

Shosti, mbona hupokei simu? Haya, soma hivyo hivyo, maana nitapasuka.

Meneja wetu amezima lile kabati la kuhifadhi umeme. AMELIZIMA. Kwa mkono wake!

Si unalijua, lile nililokuchosha nalo masikio wakati nalifunga. Umeme ukiyumba, lenyewe linazishikilia mota kwa sekunde chache mpaka utulie. Basi, kazi yake ni hiyo tu.

Asubuhi taa zimepepesa mara moja, kufumba na kufumbua. Mota zote kimya. Plastiki ikaganda ndani ya mashine ya kutengeneza mabomba. Tumeibandua kwa patasi mpaka mikono imechubuka, na yeye kasimama pembeni anauliza nani kaharibu.

Nikamuuliza nani kazima kabati.

"Mimi. Halina kazi. Tangu ulifunge, umeme haujawahi kutusumbua."

Rudia kusoma hapo. HAUJAWAHI KUTUSUMBUA. Sasa baba wewe, unadhani kwa nini?!

Nikaenda kuliwasha. Tukamaliza kusafisha, mashine ikaanza.

Sasa hivi taa zimepepesa tena. Mota hata hazikushtuka. Nikamgeukia, nikajua leo kaelewa, leo ataniomba radhi mbele ya watu.

Anatabasamu, shosti. Anatabasamu!

"Umeona, fundi? Umeme umeyumba na mashine hazijazima. Sasa hilo kabati la nini? Kalizime, linanivumia ofisini."