Majani ya Watoto Watatu

Mama, shikamoo. Nimefika salama Zirai kwa dada Salima. Huku kuna joto, na mbu ni wengi kuliko tulivyodhani kule Mlola. Kila jioni, akitoka shamba la ujamaa, dada hutwanga majani ya kivumbasi, akakamua maji yake bakulini na kuwapaka watoto miguu na mikono.

Jana yalibaki maji kidogo. Nikataka kuyamwaga, akanizuia.

"Hayo ya Hamisi."

Homa ilimchukua mjukuu wako wakati wa masika, lakini dada bado anatwanga ya watoto watatu. Nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu.

"Nipake mimi, dada."

Akanipaka polepole hadi vidoleni.

Ukipata mtu wa kuja huku, mpe mbegu za kivumbasi chako. Tutapanda mpaka mlangoni.

Mungu akutunze, mama.

Mwanao, Zaina