Karatasi aliyoisoma yaya Katungu

Butembo, Jumatano

Nimechoka kujibu. Leo baba ameniuliza tena mtu aliyesoma Kijapani atafanya kazi gani hapa kwetu. Jumatatu lazima tukubaliane nitaomba masomo gani chuoni, na mimi sitaki mengine ila Kijapani.

Kibaya ni kwamba mfano wake ni yaya Katungu, dada yetu mkubwa, binti wa shangazi. Alirudi kutoka chuoni na diploma ya Kijapani, na sasa anafundisha Kiingereza huko Bulengera. Baba husema Kijapani chake analala nacho tu, hakina kazi.

Jioni yaya alikuja kutusalimia. Baba alikuwa anamwonyesha mama, kwenye simu, motokari kuukuu anayotaka kuagiza Japani ya kupeleka viazi Beni, pamoja na karatasi yake ya mnada, ile ya Kijapani inayoeleza hali ya gari. Yaya akachungulia.

"Mujomba, hii uiache. Baliandika hapa iliingia mu maji, na châssis inaoza."

"Mais mwenye kuiuzisha alisema iko muzima."

"Yeye alisema. Karatasi nayo inasema maji."

Mama akacheka. "Donc ulitaka viazi yetu iende kuogelea?"

Baba hakucheka. Aliitazama ile karatasi mpaka chai yake ikapoa. Mimi niliinamia kikombe changu, niliogopa ataona ninafurahi.

Yaya alipoondoka, baba aliniita. "Ile masomo yake ilikuwa ya myaka ngapi?"

"Myaka mine, baba."

Akaweka simu chini. Alihesabu polepole kwa vidole, akiniangalia, kama anayetafuta nitakuwa na umri gani siku ya kurudi.