Bip Moja Kila Asubuhi

Jumatatu, 1 Machi

Ujumbe umeingia saa tatu asubuhi. "Mteja wetu mpendwa." Nikajua hapo hapo kuna jambo. Kampuni ikianza kukupenda, shika mkoba wako! Wanasema ifikapo tarehe 31 mtandao wa zamani unazimwa, vitochi, zile simu ndogo za vitufe, havitashika tena. Tubadilishe simu ili "tuendelee kufurahia huduma". Nani aliwaambia ninafurahia?

Wimbo huu tunaujua. Walituzimia televisheni, tukanunua ving'amuzi. Wakasema laini zitafungwa, tukapanga foleni kuweka vidole kwenye mashine. Na Baba, mwaka 1974, aliambiwa ahamie kijiji kipya, kila kitu kipo. Alikuta nyasi na kigingi chenye namba.

Simu yangu mimi ni kubwa, haiguswi. Lakini Baba! Mzee Marseli, miaka themanini na mmoja, presha juu, peke yake kijijini Mutuka tangu Mama afariki. Kuja kukaa kwangu mjini, Bagara, hataki, kwa sababu ya ng'ombe wawili. Kwa hiyo tulikubaliana. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anabonyeza kitufe cha mbili kwenye kitochi chake, ananibip. Sipokei. Bip moja: nimeamka salama. Bip mbili: njoo. Ni miaka sita sasa. Bip ya pili imekuja siku moja tu, na siku hiyo nilimkuta sakafuni.

Sasa mtu ofisini, mwenye kiyoyozi, anataka kuizima.

Alhamisi, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mustapha, yule muuza simu wa karibu na stendi. Amefunga Ramadhani. Nikamwambia basi leo ni siku nzuri ya kusema kweli: kampuni imekupa nini?

Akacheka na midomo yake mikavu. "Shikamoo kwanza, Mwalimu."

Marahaba. Imekupa nini?

"Imenipa hasara. Nina katoni mbili za vitochi humu ndani. Nitamuuzia nani?"

Kisha akatoa kitochi kingine chini ya kioo, vitufe vilevile, tochi ileile, eti hiki kinashika mtandao mpya. Nimpelekee mzee. Aha! Ndiyo hiyo sasa! Analia kwa jicho moja, na mkononi tayari ana dawa ya kuuza.

Vile vya zamani ameviandikia bei ya sahani ya chipsi. Betri ya Baba imevimba, nikasema nipe kimoja. Akakataa! "Usinunue, Mwalimu. Kitakufa mwisho wa mwezi." Mfanyabiashara anakataa kuuza — tangu lini? Ni wazi anataka nichukue kile cha ghali. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, hila nikiiona naijua.

Nimenunua viwili.

Jumatatu, 8 Machi

Hanifa, jirani yangu fundi cherehani, amezungukwa na nguo za Idi mpaka dirishani. Binti yake amempigia kutoka Singida: mama, badilisha simu. Nikamuuliza, binti yako ana hisa kwenye kampuni?

"Hisa gani, Mama Wiliam? Ana watoto watatu."

Nimemweleza kwa nusu saa. Ameahidi kutobadilisha mpaka nitakapomwambia. Barua yangu ya kupinga, kwa mhariri wa gazeti, imefika kurasa tatu. Nimeitoa fotokopi arobaini.

Na sikia hii. Wazee wanapewa simu mpya bure ofisi ya kata, mpaka tarehe 25. Unaleta kitochi cha zamani, na aliyesajili laini anaweka kidole. Laini ya Baba imesajiliwa kwa kidole changu. Vyake vyote kumi mashine ilishindwa kuvisoma, jembe limevifuta. Kwa hiyo ni mimi wanayenitaka! Kitu cha bure kinachodai kidole? Siendi.

Jumapili, 21 Machi — Matawi

Baada ya misa Mutuka nimesimama nje ya kanisa, tawi mkononi, nikazungumza. Nimewaambia: hawawezi kutuzima tukikataa sote. Wanazima wanaotii! Wakipiga hesabu wakaona Mutuka nzima iko kwenye mtandao wa zamani, watauacha, kwa sababu wanataka fedha zetu kuliko tunavyoitaka sauti yao. Hata padre alisimama mlangoni akasikiliza.

Elibariki alikuwa pale barabarani na bodaboda yake akisubiri abiria. Mlutheri, jirani wa Baba, ndiye anayemchotea maji. Akauliza, "Na kama ni kweli, Mwalimu? Tukipata mgonjwa je?"

Nikamwambia: wewe Elibariki, mtu akikuletea barua kwamba umekufa, utamuuliza mazishi ni lini ili uwahi. Watu wakaangua kicheko! Naye alicheka, akiangalia viatu vyake. Fotokopi zote zimeisha.

Baba hakucheka. Tulipokuwa tunatembea kwenda kwake akasema kwa Kiiraqw kwamba kijana ameuliza swali, mimi nimempa kicheko. Nikasema ndivyo mjadala ulivyo. Akasema basi yeye mijadala haijui.

Nimemhamishia laini kwenye kimoja cha vile vitochi viwili vya Mustapha, nikaweka namba yangu kwenye kitufe cha mbili. Akajaribu. Simu yangu ikalia mkobani. Alifurahi kama mtu aliyelenga ndege akampata.

Alhamisi, 25 Machi

Siku ya mwisho ya kugawa. Nimepita mbele ya ofisi ya kata. Foleni fupi. Karani, binti mdogo mwenye miwani, akaniita: "Karibu mama, zimebaki!" Zimebaki. Kitu kizuri cha bure hubaki lini katika nchi hii?

Nimepita tena saa nane. Nilikuwa naenda sokoni. Njia ya sokoni si ile, najua.

Jumatano, 31 Machi

Bip ya asubuhi imekuja. Jioni nimempigia. Amepokea, akasema anakamua, akakata.

Sina la kuandika. Nasubiri.

Alhamisi, 1 Aprili

Bip! Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja! NILISEMA!

Nimekwenda kwa Hanifa kabla ya chai. Kitochi chake kinashika vilevile. "Au wameahirisha," akasema, "wakaona tarehe moja Aprili watu watadhani ni utani." Tumecheka mpaka uzi ukakatika sindanoni. Sokoni mzee mmoja wa vitunguu amenipa mkono. Mtu yeyote anayesema watu wadogo hawawezi kushinda aje Babati.

Nimepita kwa Mustapha makusudi. Nilitaka aniangalie usoni. Hakuniangalia. "Wanazima mnara mmoja mmoja, Mwalimu," akasema. "Nangara jana jioni." Nani kakwambia? Akasukuma boksi kwa mguu. Vitochi vilivyotumika, vingine vimefungwa mpira, kimoja kina stika ya Bikira Maria. Wenyewe wamevirudisha, anasema.

Boksi la vitochi vikuukuu mtu yeyote anaweza kulipanga.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua tangu Ijumaa. Bip ipo, ya leo imechelewa dakika tisa. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Saa nne Hanifa amekuja, kitochi kiganjani kama aliyebeba kifaranga kinachokufa. "Hakuna mtandao." Nikasema ni mvua.

"Mvua gani hiyo, Mama Wiliam, inayochagua simu yangu na kuiacha yako?"

Nikamwambia tusubiri kidogo.

"Nimekusubiri mwezi mzima. Mwanangu tangu jana ananitafuta, amefikiri nimekufa." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kumjibu. Ameondoka kwenda stendi na mwavuli wake mbovu.

Kesho baada ya bip nitapita kwa Mustapha. Kukiangalia tu kile kingine.

Jumanne, 6 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu: kimya.

Saa moja kasorobo: kimya. Nimempigia. Yule dada wa kwenye mashine ananiambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Mara sita ananiambia, kwa upole uleule.

Elibariki hapatikani. Katekista hapatikani. Mama wa duka la Mutuka hapatikani. Nimepitia majina yote ya Mutuka yaliyomo kwenye simu yangu, kumi na moja. Wote kitochi. Wote walikuwepo siku ya Matawi. Sijawahi kuwa na darasa lililonisikiliza namna hii.

Ni mnara, au ni Baba? Kama ni mnara, kampuni ilisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi ni mjinga. Ee Mungu, iwe hivyo. Mwezi mzima nimewaita waongo, leo naomba wasiwe waongo. Niwe mjinga mkubwa kuliko wote Manyara!

Lakini inawezekana mnara umezimwa na Baba pia... Amebonyeza. Labda tangu alfajiri anabonyeza, mara moja, mara mbili, mara kumi, kwenye kile kitochi nilichokataa kuambiwa kitakufa.

Saa mbili nimefika stendi. Bodaboda watatu wamekataa. "Mutuka leo, mama? Tope litatuzika." Mustapha alikuwa anafungua duka. Nimemwambia Baba hajabip. Nilijiandaa kwa neno lolote, nilistahili. Alishusha mlango, akafunga kufuli, akaenda kuwasha pikapu. Njiani nikaona ameweka kile kitochi cha mtandao mpya kwenye dashibodi, bado kimo kwenye boksi lake.

Saa tatu na nusu. Naandika garini.

Korongo la kuingilia Mutuka limejaa. Maji mekundu, yanabeba matawi na kiroba cha mtu. Upande wa pili njia inapanda kwenye mahindi, na bati la nyumba ya Baba linaonekana nyuma yake. Bati tu. Moshi sioni, lakini kwenye mvua hii moshi ungeonekana?

Kuna watu kule ng'ambo. Saba, sasa wanane. Elibariki namjua kwa koti lake la njano. Alipotuona alikuja mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele. Sikusikia hata silabi moja. Nami nikashuka nikapiga kelele — mimi niliyefundisha wanafunzi themanini chumba kimoja bila kipaza sauti! Nimeita jina la Baba mpaka koo likauma. Elibariki akatikisa kichwa. Hapana nini? Baba hapana? Hasikii? Tusivuke?

Mustapha anasema wanatuzuia kuvuka. Mimi nasema wananiita. Anasema maji yatashuka kabla ya saa tano. Nikamuuliza umejuaje. "Sijui, Mwalimu. Naomba tu."

Wamekusanyika sasa, wanazungumza wao kwa wao. Mmoja amevua kofia.

Nimemuuliza Mustapha kwa nini amevua kofia. Ameinama kwenye kioo, akafuta ukungu kwa kiganja, akatazama sana. Anasema anaikamua maji. Nimemgeukia nimwangalie usoni, nione kama ananidanganya kwa huruma. Akarudia, taratibu, kama kwa mtoto: anaikamua maji, Mwalimu, imelowa.

Nataka kumwamini. Leo nataka kuliko kitu chochote.

Mtu yule ameacha kukamua. Kofia bado iko mkononi mwake, na mvua inamnyeshea kichwani.