Koti la Tatu Silitumi

Yule mtu wa majani alikuwa ameshafungwa juu ya mti, kaka Hamisi, na koti lako limemkaa vizuri kuliko lilivyokukaa wewe, ndipo mtoto wa Kurt mchinja nguruwe akamvuta baba yake mkono akauliza, "Baba, Hamisi ni yupi?"

Kilima kizima kikacheka. Na wewe ukacheka, tena kuwashinda wote, mpaka ukakohoa. Ukanigeukia, machozi yanakutoka, ukaniambia kwa Kiswahili, "Cheka bwana, wanatuangalia."

Sikucheka. Unanijua, mbele za watu mdomo wangu unakauka. Niliangalia tu. Mwaka wa kwanza yule mtu wa majani kichwa chake kilikuwa gunia tupu. Mwaka ule wa pili walikuwa wamempaka masizi. Kurt akawasha, moto ukaanzia miguuni, ukapanda kwenye koti, na watu wakapiga makofi kama harusini.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini kile kijiji cha Wazungu nakijua. Wewe ulikuwa shambani kwa watu kutwa, mimi nimekaa dirishani. Barabara moja tu, inashuka kutoka msituni, inavuka kijito, inafika kanisani, inaishia hapo. Nyumba zote zimeipa barabara mgongo. Bonde lenyewe kama sufuria, siku za baridi ukimaliza kula mchana jua limeshajificha nyuma ya kilima. Na pale darajani lile jiwe kubwa bapa, tulilokuwa tunakalia tukila mkate, hakuna mtu wa pale aliyewahi kulikalia. Ulishawahi kujiuliza kwa nini? Mimi nilimuuliza bibi Hilde, jirani yetu wa mkono wa kushoto, yule wa kutuletea supu ya viazi.

Akaniambia zamani sana ilikuja tauni. Kijiji kikaziba njia darajani, mgeni haingii, chakula chake anawekewa juu ya lile jiwe kama mbwa. Akaja muuza nguo mmoja, amebeba makoti mgongoni. Wakasema ugonjwa umo kwenye makoti yake. Wakampandisha kilimani wakamchoma na mzigo wake, yu hai.

Nikamuuliza, "Na ugonjwa ukaisha?"

"Wapi! Nusu ya kijiji walikufa."

"Kwa hiyo alichomwa bure?"

"Bure kabisa," akasema, anamenya viazi vyake. "Lakini tulikuwa tumeshazoea."

Ndio mila ikaanzia hapo. Kila mwaka baridi ikiisha wanamchoma mtu wa majani, na koti lazima litoke kwa mtu aliyehamia mwisho, alitoe kwa mkono wake na kwa moyo wake. Hilde mwenyewe alitoa lake alipoolewa pale. Mwaka uliofuata akatoa mke wa mwalimu. Ukishatoa, wewe ni wa pale, zamu inakwenda kwa mwingine.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza sikukulaumu sana. Kurt alipogonga mlango, "Hamisi! Koti!", ulifurahi kama umepewa nyumba. Ulikwenda kuchukua lile la baba. Baba alilishona kwa mikono yake pale kwetu Buyenzi, cherehani iko barazani, na vishikizo vya pembe alivitafuta soko zima. Ndilo tulilojifunika wote wawili njiani tukija huko, kila usiku. Nikakushika mkono, nikasema, "Kaka, si hilo, toa lile la msaada."

Ukasema, "Ukitoa, toa kitu. Baba angefurahi."

Baba angekuzaba kibao, Hamisi. Sasa nakwambia.

Walikupa bia ukaikataa, wakakuletea soda, Kurt akakukumbatia. "Kuanzia leo wewe mtu wa hapa!" Siku zile ulikuwa unatembea katikati ya barabara.

Halafu majani ya miti yalipoanza kudondoka, akahamia yule bwana wa gari jekundu, na mke wake, katika nyumba ya juu karibu na msitu. Nikahesabu kichwani mwangu, haya, zamu imetutoka. Siku ilipofika nikakaa dirishani nimtazame Kurt. Akafika kwenye ule mlango. Akavua kofia. Akawasalimia, wakacheka kidogo, akavaa kofia yake, akashuka barabara yote mpaka kwetu.

"Hamisi! Koti!"

Na wewe ukaenda kulileta! La bluu, ulilopewa na kanisa. Nikakuuliza, "Na yule wa gari jekundu?" Ukanijibu, "Mila ni mila, usinitie aibu."

Nikaenda kwa Hilde, nikamuuliza swali hilohilo. Akafuta meza, akaifuta tena. Akasema, "Yule? Mama yake mkubwa aliolewa kijiji cha pili. Yule si mgeni, kijana wangu. Yule alichelewa tu kufika."

Jioni yake ndio yule mtoto akauliza Hamisi ni yupi. Na mimi pale pale kilimani nikaamua kuondoka. Mjomba Saidi alipopata njia ya kunileta Toronto, nilikubembeleza siku ngapi? Ukasema kijiji kimeshakuzoea. Hapo sikubishi. Kilikuwa kimekuzoea kweli.

Hapa Rexdale kiwandani kwetu kuna chumba cha barafu. Kukifagia ni kazi ya mtu aliyekuja mwisho. Nilifagia mimi, vidole vikafa ganzi, kila mtu akipita ananicheka, "Karibu Kanada!" Kisha akaja kijana mmoja Msomali, anakaa Dixon. Msimamizi akaninyang'anya fagio mkononi akampa yule. Basi. Imekwisha. Nilimcheka na mimi, "Karibu Kanada!", wala sikumwonea huruma. Lakini nilikwenda kukaa chooni nikalia, kwa ajili yako. Maana fagio la huku ni baya, ila linahama. Kwako wewe halihami.

Juzi ukapiga simu kwa mjomba. Miezi yote hukutafuta mtu, na salamu hukumaliza. "Nitumie koti. La huko Kanada zito. Mimi yameniishia."

Nikakuuliza, "La kuvaa au la kuchoma?"

Nikasikia kengele ya kanisa lenu huko nyuma. Halafu ukasema polepole, "Mwaka huu ndio wa mwisho. Kurt ameniahidi."

Kaka yangu, umebaki na sweta kwenye theluji ile, na bado unamtafutia koti mtu wa majani?

Nimekwenda duka la mitumba Islington. Nimelipata. Jeusi, zito, ndani manyoya, vishikizo vikubwa. Lingekutosha kabisa. Nimeliweka kitandani siku mbili nalitazama. Mjomba akasema, "Mtumie ndugu yako, baridi itamuua." Nikamwambia akivaa nitamtumia hata kumi, lakini havai. Simtumii Kurt koti la tatu.

Akija kugonga mwaka huu, mfungulie ukiwa na sweta lako, mwambie huna. Umtazame usoni, uone kama utabaki kuwa mtu wao. Halafu upande ile barabara mpaka msituni, usisimame kwenye jiwe. Kitanda kwetu kipo, tutalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama zamani. Usipokuja, usinipigie tena kuomba nguo.

Naondoka sasa. Basi la Kipling linapita, na leo kiwandani wanachukua watu wachache, wa mwanzo kufika mlangoni. Nje ni baridi ya kukata masikio. Koti lako nimelivaa mimi.

Mdogo wako uliyekuwa unalala naye koti moja,
Juma