Beseni Mapajani

3 Machi

...na lile swali ulilomtuma Baba aniulize siku ya harusi, kwamba hawa wakwe zangu wanatengeneza nini hasa, leo ninalo jibu. Lakini kwanza shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya. Mume wangu akirudi kutoka kiwandani ananukia mafuta ya mashine, nami namwambia asiharakishe kuoga.

Wanatengeneza shokamzoba, vile vyuma vinavyozuia gari lisirukeruke njiani. Bibi yake mume wangu amenisimulia yote. Alipokuwa na mimba ya baba mkwe, barabara ilimtesa sana. Mumewe, fundi baiskeli, akachukua pampu za baiskeli, akazijaza mafuta, akazifunga kwenye pikapu yao. Kisha akampa mkewe beseni la maji alipakate, akaliondoa gari. Maji yote yakamwagikia gauni. Akafungua, akarekebisha, akajaribu tena na tena, hadi siku mkewe aliposhuka akiwa mkavu. Majirani wakataka nao. Banda likawa karakana, karakana ikawa kiwanda.

Siku hizi kuna mashine za kupimia, lakini kila aina mpya ikitoka, lazima Bibi apande na beseni lake. Maji yakimwagika anasema neno moja tu: "Rudisheni."

Mama, pikapu ya Baba, kwa kukuumiza mgongo, ndiyo iliyokunyima harusi yangu. Mume wangu anataka kukutengenezea za pikapu hiyo kwa mkono wake, maana madukani hazipo tena. Mwambie Baba apime urefu wa pale zinapofungwa.

Mwanao akupendaye

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, ila barua yako imeukanda. Nilipoisoma kwa sauti, baba yako alijifanya hasikii, kisha akasema, "Ndoa haijapoa, mkwe ameshaanza kulikosoa gari langu." Nikamjibu kwamba anayelikosoa ni mimi, tangu ujana wangu. Baadaye nikaona miguu yake imechomoza chini ya gari. Kipimo ndicho hicho kipande cha uzi kilichomo humu.

Mshukuru sana mwenzio. Siku ya harusi roho iliniuma kuliko mgongo. Usimwambie mtu, nilivaa ile nguo niliyoshonesha, nikashinda nayo sebuleni.

Mama yako

20 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole. Ujumbe wa Baba baada ya kuzifunga zile shokamzoba tulizowatumia, "Sasa linaruka kama mbuzi," umemnyima mume wangu hamu ya kula. Alifuata uzi ule hadi mwisho wake. Nikampelekea Bibi kesi. Akauliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" Nikasema anasambaza unga. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Basi alipima gari likiwa na magunia. Lililala, na kipimo kikawa kifupi. Marehemu wangu alikosea hivyohivyo, nikapoteza gauni."

Ni kweli, Mama? Mwombe ashushe mzigo apime upya. Mume wangu ameshaandaa vyuma. Anasema hupandi gari hilo mpaka beseni likubali, na mimi nikamtazama nikashindwa hata kumwekea chai.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na msalimie sana Bibi. Magunia yalikuwamo. Baba yako amekiri kwa kukohoa. Hizi za pili alizifunga kimya kimya, na jana akaniletea beseni limejaa.

"Panda."

"Tangu lini unafuata mambo ya wakwe?"

"Panda, mama watoto, maji yasije yakakauka."

Tulikwenda hadi lile daraja bovu, pale niliposhushwa mwaka jana nikilia kwa maumivu. Maji yakayumba, yakatulia. Tone moja liliangukia goti langu, na hilo ni kwa kuwa baba yako alianza kuimba. Ng'ambo ya daraja akasimamisha gari, akaniangalia mgongo, akaangalia beseni.

"Kumbe tumeozesha vizuri," akasema.

Mwambie mume wako asante, na umwambie tena kesho. Ile nguo ya harusi nimeipiga pasi. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka mlangoni kwenu nikiwa nimeivaa, kavu.

Mama yako